Viatu vya Kuchezea Kontra

Ko. Ko-ko. Ko.

Sauti ilitoka ndani ya kabati la chini ya ngazi, saa tisa alasiri, nyumba yote ikiwa giza. Katika nyumba ya Madam Abiri pale Riyadh watu walilala mchana, na mapazia mazito yaliteremshwa baada ya chakula mpaka usingeona kiganja chako. Mwikali alikuwa jikoni akisugua sufuria ya wali kwa kupapasa. Alisikiliza kidogo, akajua zinazoongoza ni hatua za viatu vyake, maana vilikuwa na soli ya ngozi na vililia kikavu. Vingine vilikuwa vya wasichana wa kazi waliopita katika nyumba hiyo. Vya Selipher, vya raba, vilifuata vikiburuta. Vya Serah vilikuwa na visigino vifupi. Vya Emily vilikuja mwisho, polepole, vikichelewa nusu hatua kila mara.

"Leo vimeanza mapema," Madam alisema kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu anayelalamikia bomba linalovuja. "Viambie watu wamelala."

Mwikali alifuta mikono, akaenda kuligonga kabati mara mbili kwa kiwiko. Viatu vikatulia.

Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba hiyo. Siku msichana wa kazi alipofika, pasipoti ilikwenda kwenye droo ya Baba, mume wa Madam, viatu vikaenda kabatini, naye akapewa ndara za plastiki za buluu. Madam aliyaeleza hayo kwa upole, huku akimmiminia mgeni chai. Alisema msichana mwenye viatu hapati usingizi mzuri. Ufunguo wa kabati ulining'inia kifuani pake kwenye mkufu mmoja na kidani cha dhahabu, na viatu, alisema, vingerudishwa siku ya kuondoka.

Mkataba wa Mwikali ulikuwa wa miaka miwili na uliisha Februari. Sasa ilikuwa Mei, mwaka 2016. Ili kuondoka alihitaji karatasi ya kutoka, na karatasi hiyo ilihitaji saini ya kafili, yule mwajiri anayemdhamini mgeni kisheria, yaani Baba. Kwanza Madam alisema wangojee mitihani ya shule ipite. Ikapita. Kisha akasema wangojee Baba arudi kutoka Jeddah, alikokuwa na kazi zake. Baba akarudi, akala, akaenda tena.

Viatu vile vilikuwa vya mtumba, vya kahawia, vilivyonunuliwa soko la Machakos. Asubuhi ya safari, mwanawe Alvin, wakati huo ana miaka minne, alimfunga kamba mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Alichukua muda mrefu sana, ulimi nje, gari la kwenda uwanja wa ndege likipiga honi. Matokeo yake yalikuwa mafundo mawili makubwa kama maharagwe yasiyofanana hata kidogo. Mwikali hakuyafungua kamwe. Alivivua viatu kwa kuvuta visigino, akampa Madam vikiwa vimefungwa. Sasa Alvin alikuwa darasa la kwanza, muhula wa pili ulikuwa umeshafunguliwa, na kwenye simu aliuliza swali moja tu kila wiki: "Mami, fundo bado liko?"

"Liko," Mwikali alimjibu. Hilo angeweza kuapa. Alikuwa akilisikia.

*

Madam Abiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpweke. Miaka ya nyuma mumewe aliposomea Marekani, waliishi mji mdogo wenye theluji ambako kila Jumamosi watu walikutana ukumbini kucheza dansi iitwayo kontra. Mnasimama mistari miwili mkitazamana, mtu mmoja anatoa wito, nanyi mnafuata. Unaanza na mwenzako, lakini kila duru mnasogea nafasi moja, mnakutana na jozi nyingine, na mpaka muziki uishe umeshika mikono ya watu wote mstarini. Madam alisema katika ukumbi ule alijua majina ya watu arobaini. Riyadh alijua ya madada zake na ya fundi wa viyoyozi.

Kwa hiyo alitandika sakafu ya mbao kwenye chumba cha chini, akanunua spika, akaalika wanawake. Walikubali kumi na moja. Kontra haichezwi na watu kumi na moja, maana kila mtu lazima awe na mwenzake.

"Wewe utakuwa wa kumi na mbili," alimwambia Mwikali. "Mimi nitatoa wito. Unajua kucheza?"

Mwikali alikuwa amechezea kwaya ya kanisa kule Masinga tangu akiwa na miaka tisa, na kwaya za Ukambani haziimbi zikiwa zimesimama. "Kidogo," alisema.

"Vizuri. Tutacheza Alhamisi. Wakifurahi, kesho yake nitampigia Baba. Nitamwambia aje atie saini. Wallahi." Madam akaweka mkono kifuani, juu ya ufunguo. "Ila ndara hizo hazifai. Nenda na Gilbert mkachague viatu vya kukupa raha mguuni."

Lamya, binti wa Madam mwenye miaka minne, alikuwa chini ya meza akimvalisha paka soksi. Mwikali ndiye aliyemlea tangu hajajua kusema, na kwa hiyo mtoto alikuwa na Kiarabu cha mama yake na Kiswahili cha Mwikali, naye aliviweka mbalimbali kama watu wanavyoweka sukari na chumvi.

"Lamya, hiyo soksi si ya paka," Mwikali alimwambia. "Ina mwenyewe."

Lamya akaivua soksi, akaitazama. "Mwenyewe ni Baba," alisema, akairudisha kikapuni. Madam aliwatazama akitabasamu bila kuelewa hata neno.

*

Gilbert, dereva wa nyumba, alikuwa Mkenya wa Bungoma aliyeendesha gari kwa mkono mmoja na kuzungumza kwa mwingine. Alisoma kile kikaratasi cha Madam kwa sauti wakiwa kwenye foleni ya kuingia mtaa wa Batha.

"'Kisigino kisiwe kirefu. Soli iteleze, isinate. Kifunike nyuma ya mguu. Kisiache alama kwenye mbao.' Siz, hiki ni kiatu ama ni mchumba?"

"Endesha."

"Mimi naendesha. Nauliza tu, maana kwa mchumba pia ningeandika hivyo hivyo. Asinate, asiache alama."

Duka lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya vibanda vya kutuma pesa, na mwenyewe aliitwa Mbarouk, Mpemba mwenye ndevu nyeupe aliyewauzia viatu wageni wa kila taifa kwa miaka thelathini. Aliposikia Kiswahili aliinuka.

"Karibuni, karibuni. Bibie anataka cha harusi au cha kazi?"

"Cha dansi," Gilbert alisema.

"Dansi ya kuruka au ya kukokota?"

"Ya kukokota na kuzunguka," Mwikali alisema.

"Hapo umesema." Mbarouk alipanda ngazi yake fupi, akaanza kushusha maboksi. "Nisikilize. Ukivaa, usitembee. Kila mtu akitembea huona raha. Simama palepale, zunguka. Kiatu kikizunguka pamoja na mguu, hicho chako. Mguu ukizunguka kiatu kikabaki, kesho goti litakuja kunishitaki."

Mwikali alizunguka. Vya kwanza, vya turubai na raba, vilinata kama vilivyogundishwa. Vya pili viliteleza vizuri lakini vikamtoka, kimoja kikamgonga Gilbert kwenye muundi. Vya tatu vilikuwa na utepe na vilikuwa vizuri mno kwa mtu wa kuosha vyoo. Vya saba vilikuwa vyeusi, vyepesi, ngozi laini, soli nyembamba. Alizunguka navyo mara tatu. Vilizunguka.

"Vinabana?"

"Havibani."

"Vinapwaya?"

"Havipwayi." Mwikali alitazama chini. "Sivisikii."

Mbarouk alichukua kibao chake cha kupimia, kile cha mbao chenye tarakimu, akamwambia akanyage. Akasogeza kigingi mpaka kidoleni, akasoma, akavaa miwani, akasoma tena. Kibao kilionyesha sifuri. Akapima wa kulia. Sifuri.

"Basi," alisema, akianza kurudisha viatu kwenye maboksi. "Miguu yako haipo hapa, binti yangu. Wewe ni wa tatu wiki hii. Ulikuja Saudia na viatu gani?"

"Vya kahawia. Madam amevifungia kabatini."

"Ndo miguu imo humo." Alilifunga boksi la saba kwa kamba ya raba. "Siwezi kukuuzia. Nikikuuzia ntakuwa nimekula pesa ya bure. Vya kukupa raha unavyo, kavitake."

Gilbert alikuwa ameinamia simu yake. "Selipher anasema hata yeye ni hivyo," alisema. Selipher alikuwa msichana wa kazi wa nyumba hiyohiyo, aliyeruka ukuta bila viatu na kufika Jeddah kwa lori la matikiti. Sasa aliishi huko, mtaa wa Karantina, akikaanga maandazi. Gilbert aliweka simu hewani ili wasikie ujumbe wake wa sauti. "Mimi hununua viatu kila mwezi na sivisikii," Selipher alikuwa akisema, mafuta yakilia nyuma yake. "Lakini kila mchana saa tisa nasikia nyayo zinawasha, nasimama hapa jikoni nacheza kama mwendawazimu. Majirani wameshazoea."

*

Madam alilifikiria ombi la Mwikali la viatu vyake kwa dakika kama mbili, kama mtu anayeombwa mwavuli.

"Kwa saa za dansi tu," alisema. "Halafu vinarudi."

"Ndiyo, Madam."

"Wewe mwaminifu. Selipher nisingempa."

Alhamisi ikafika na dhoruba ya vumbi. Kufikia saa kumi na moja anga ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, taa za barabarani zikawaka, na wanawake watatu wakapiga simu kusema madereva wao hawaoni njia. Walifika wanane, wakakung'uta abaya zao barazani. Madam aliwahesabu, akamhesabu na Mwikali, akakaa kwenye ngazi akiwa ameshika kichwa. Wanane na mmoja ni tisa. Hata tisa haichezwi kontra.

Ndani ya kabati, viatu vilianza kutembea.

Madam alivua mkufu, akafungua. Viatu vya kahawia vilikuwa mbele kabisa. Mwikali aliinama kutazama mafundo. Yalikuwa yaleyale, maharagwe mawili yasiyofanana. Aliingiza mguu bila kufungua, akavuta kisigino kwa kidole, na papo hapo akausikia mguu wake, kwanza vidole, kisha wayo, kisha kale kasehemu kanakouma palipomchoma mwiba akiwa mtoto. Akausikia na wa pili. Alisimama kidogo, akiwa ameshikilia ukingo wa mlango.

Jozi tatu nyingine zilimpita, zikashuka ngazi moja baada ya nyingine, zikajipanga kwenye mistari pale palipokuwa na nafasi.

"Kumi na mbili," Madam alisema, uso ukimng'aa. "Alhamdulillahi. Yalla, kila mtu na mwenzake."

Wanawake walisogea wakawapisha wale watatu. Mmoja, mke wa daktari, aliyepangwa na viatu vya turubai vyeupe, alivisalimia. Muziki ukaanza, fidla na ngoma ndogo, na Madam akasimama juu ya kiti na kuanza kutoa wito. Mistari mbele! Mistari nyuma! Mkono wa kulia kwa jirani! Mzungushe mwenzako! Mwanzo walikanyagana na kucheka. Duru ya tatu walishika. Mwikali hakuhitaji kusikiliza wito, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimefanya mazoezi kwa zaidi ya miaka miwili chini ya ngazi, Madam akipiga kanda zake za Marekani sebuleni. Soli ya ngozi iliteleza juu ya mbao bila kuacha alama. Alipozunguka, kiatu na mguu vilizunguka pamoja. Kwa muda wa wimbo mzima hakuwa mtu wa kazi wa mtu yeyote. Alikuwa mwanamke anayecheza vizuri, na wenzake walimchekea usoni walipompokea.

Kila duru alisogea nafasi moja.

Alikutana na viatu vya visigino vifupi. Mahali pa mikono alishika hewa, na hewa ikamshika. Ilinukia moshi wa kuni na majani ya chai mabichi, na kidole gumba kilikuwa na udongo kwenye kucha. Basi Serah alikuwa amefika kwao, pamoja na kwamba aliondoka na ndara za buluu. Mwikali alimzungusha kwa furaha.

Alisogea. Alikutana na viatu vya raba vinavyoburuta. Hewa ilikuwa na joto, yenye unga na iliki. Selipher alimzungusha kwa nguvu mpaka kilemba kikamwanguka.

Alisogea tena, na viatu vya turubai vyeupe vikamjia. Upande wa ndani wa kiatu, kwa kalamu ya wino, mtu mzima asiyezoea kuandika alikuwa ameandika EMILY. Mwikali alinyoosha mikono. Hewa iliyomshika ilikuwa baridi. Haikuwa baridi ya kiyoyozi. Ilikuwa baridi ya kitu kilichokaa kwenye friji muda mrefu, inayong'ang'ania kwenye ngozi. Viatu vilizunguka vikichelewa nusu hatua. Mwikali akachelewa navyo, makusudi, ili visicheze peke yao, mpaka wito ukawatenganisha.

"Mwenzangu ana baridi sana," mke wa daktari alimwambia Madam wakati wa kunywa juisi. "Mpunguze kiyoyozi, maskini." Wakapunguza.

*

Wageni walipoondoka, Madam na Mwikali walipanga viatu juu ya gazeti barazani ili wavipanguse vumbi. Madam alikuwa bado anahema kwa furaha.

"Madam," Mwikali alisema. "Emily hakurudi nyumbani."

"Anarudi," Madam alisema. "Hajafika tu."

"Yuko wapi?"

"Hospitali ileile anakotibiwa Lamya. Chini, kule wanakowaweka. Kifua kilimbana, wiki mbili kabla ya wewe kuja." Alikipangusa kiatu cha turubai kwa ukingo wa shela yake, kwa uangalifu. "Lazima kafili atie saini ndipo asafirishwe. Baba ana shughuli nyingi, Mwikali. Wewe mwenyewe unaona."

Mwikali aliona. Karatasi ya Emily na karatasi yake zilikuwa kwenye droo moja.

Kila Ijumaa asubuhi mama mmoja alipiga simu ya mezani kutoka Vihiga na kumwuliza Emily. Madam alikuwa amemfundisha Mwikali jibu tangu wiki ya kwanza: hayupo, alisharudi nyumbani. Mwikali alikuwa ameitoa sentensi hiyo zaidi ya mara mia, kwa sauti nzuri, akiamini kuna ugomvi wa kifamilia usiomhusu. Ijumaa hiyo simu ilipolia, aliipokea akiwa na ndara za buluu.

"Hujambo mama. Naomba Emily."

"Mama," Mwikali alisema, "nimekuwa nikikudanganya, na nilikuwa sijui. Emily hajaondoka Riyadh. Alifariki. Yuko hospitali, anangojea saini. Chukua kalamu, nikupe jina la hospitali na la kafili, uyapeleke kwa chifu na kule Nairobi wizarani."

Upande wa pili walisikika kuku. Kisha yule mama akasema, "Nilijua hajafika, maana viatu vyake havijafika. Jana jioni nimesikia akicheza. Alikuwa na mtu anayemngoja."

"Nilikuwa mimi."

"Asante, mwanangu. Sema polepole, niandike."

Mwikali alisema polepole. Yule mama aliandika herufi moja moja, akizirudia kwa sauti.

Alipoiweka simu, Madam alikuwa barazani, naye akizungumza kwenye simu yake. Mwikali alisimama mlangoni. Alisikia jina la Baba, alisikia Jeddah, alisikia Madam akicheka na kuhesabu wageni. Kisha Madam akakata, akamgeukia akiwa na furaha ya kweli machoni.

"Wanataka kila Alhamisi!" alisema. "Wote. Mke wa daktari anasema hajacheka hivyo tangu aolewe. Nimempigia Baba kama nilivyoapa, nimemweleza, naye anauliza, sasa mkimwachia Mwikali mtachezaje? Na ni kweli. Ukienda tunabaki kumi na moja tena." Alimshika mkono. "Baada ya Ramadhani tutaona. Halas, basi, usinune. Viatu vyako nitakupa kila wiki."

Mwikali hakununa. Alikuwa akifikiria swali la Alvin la Jumapili, na kwamba jibu lingekuwa lilelile, nalo lingekuwa kweli.

Madam alibeba viatu jozi jozi mpaka chini ya ngazi. Aliviweka vyema, vya Emily ndani kabisa, vya Serah na vya Selipher katikati, vya kahawia mbele, kamba zikiwa na mafundo yake mawili. Akafunga, akajaribu mlango, akarudisha mkufu shingoni. Ndani kukawa kimya kidogo. Kisha, kwa sababu saa tisa ilikuwa bado mbali, kukasikika hatua moja tu, kavu, ya soli ya ngozi.

Lamya alikuja na paka mikononi, akakaa chini mbele ya kabati, akaweka sikio kwenye mbao. Alisikiliza kwa muda. Halafu akamtazama mama yake na kusema kwa sauti, kwa Kiswahili:

"Hivi viatu vina wenyewe."